Mama, Haukuwa Mkono Wako Peke Yake

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu kinywa changu hakijui kuanza nawe vinginevyo, ingawa najua safari hii hutaitikia. Tangu tulipokuzika Rutamba, watu hawaishi kunieleza wewe ulikuwa nani. Majirani wa karibu wanasema hapakuwa na mwanamke mpole kama wewe. Ndugu za baba, wao bado wanashusha sauti wakikutaja, kana kwamba umesimama nyuma ya mlango na panga mkononi. Nimewasikiliza wote mpaka nimechoka. Nimeamua kukuandikia wewe mwenyewe, na kukuandikia hadharani, ili wanaosema hili na wanaosema lile wasome kwa pamoja.

Unajua kwamba nafundisha baiolojia hapa Kilwa Masoko. Sikuwahi kukuambia kwamba kila mwaka, nikifika kwenye mada ya homoni, usiku wake sipati usingizi. Naeleza insulini bila shida. Naeleza homoni za kukua, za hedhi, za maziwa ya mama, wanafunzi wanacheka kidogo kisha wanatulia. Lakini nikichora shingo ubaoni, nikaichora ile tezi ya thairoidi mbele ya koo, mkono wa kushoto huanza kuuma pale mfupa ulipoungana vibaya.

Nianze na wewe wa kwanza, kabla ya tezi.

Ulikuwa huwezi kuchinja kuku. Ulikuwa unampa baba kisu, unageukia ukuta, unaziba masikio mpaka akuambie amekwisha kufa. Siku mafuta ya ganda la korosho yaliponirukia mguuni nikiwa mdogo, ulikaa chini ukapuliza kidonda mpaka ukaishiwa pumzi, ukapumzika, ukapuliza tena. Nilikuwa nimeshaacha kulia, ila sikukuambia, kwa sababu nilitaka uendelee. Huyo ndiye mama niliyekuwa naye.

Ilianza baada ya mdogo wangu Zuhura kuacha ziwa. Ukawa na njaa. Unakula ugali wa kutosha wanaume wawili wanaotoka kulima, halafu unauliza kama kuna kilichobaki, na bado kanga inakuvuka kiunoni kwa wembamba. Wakati sisi tunajikunyata kwa baridi ya asubuhi, wewe unatoka jasho, unalalamika kwamba nyumba inawaka moto. Kikombe kikawa kinagonga sahani mkononi mwako. Macho yakatoka nje, ukawa unatazama kama mtu aliyeshtuliwa asirudi tena katika hali yake. Na shingo ikavimba. Bibi alisema ni kwa sababu ya kubeba ndoo nzito kichwani.

Kofi la kwanza lilitokea kwa ajili ya unga. Niliumwaga nikitoka kuchekecha, si mwingi. Nilitegemea useme "Pole, zoa wa juu," kama ulivyosema siku zote. Badala yake nikajikuta chini, sikio linalia, na wewe umesimama juu yangu unahema kama mtu aliyekimbia kutoka mtoni. Ulinitazama kwa mshangao, Mama. Nadhani hata wewe ulikuwa hujui kofi limetoka wapi. Kisha ukaingia ndani na kufunga mlango.

Baada ya hapo hayakuhesabika. Mwiko, waya, upande wa jembe. Ulimrushia Zuhura sufuria la uji likampita shavuni na kuchubua ukuta. Ulimng'oa jirani nywele kisimani kwa sababu alikuangalia. Nilijifunza kukusikiliza kabla ya kukuona. Ukiwa unatembea haraka haraka uani, unahamisha vitu na kuvirudisha mahali pale pale, namchukua Zuhura tunakwenda kujificha kwenye mikorosho mpaka baba arudi.

Siku ya mkono nilikuwa darasa la sita. Ulikuwa unatwanga mihogo mikavu. Nilipita nikasema, "Mama, nikusaidie?" Nilisema hivyo kwa sababu mikono yako ilikuwa inatetemeka mpaka mchi unagonga ukingo wa kinu.

"Unaniona nimeshindwa?"

"Hapana, mama."

"Unaniona nimeshindwa, Somoe? Wewe nani wa kuniona mimi nimeshindwa?"

Niliinua mkono kukinga kichwa. Mchi ukatua juu yake. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu, mlio mkavu kama ufito uliovunjwa gotini. Ukainua tena. Zuhura ndiye aliyeniokoa, kwa kupiga ukelele ambao sijawahi kusikia mtoto mdogo akiupiga, nawe ukageuka kumtafuta yeye. Nilimvuta kwa mkono mzima tukakimbia. Bibi alinifunga vijiti kwa kitambaa, na kwa kuwa aliogopa watu watauliza, hakuna aliyenipeleka hospitali. Ndiyo maana mkono umepinda mpaka leo.

Msimu huohuo wa korosho wewe ulimkata baba. Tulikuwa wote shambani tunaokota. Alikuona umepauka, jasho linakudondoka kwenye kidevu, akakuambia kwa upole, "Mama Somoe, hebu kaa kidogo." Hakusema neno lingine. Panga ulikuwa nalo la kufyekea. Lilimwingia begani karibu na shingo, akaenda chini kwa magoti, na korosho tulizokuwa tumezimwaga pale zikalowa damu. Ulirudi nyuma huku panga bado liko juu. Midomo yako ilikuwa inasema kitu, na baba, akiwa amelishika bega lake, alikuwa anakujibu: "Sawa, sawa, mke wangu. Nimekaa mimi. Tazama, nimekaa."

Hapo ndipo baba mkubwa Chande alipoingia. Yeye ndiye kaka mkubwa wa baba, na neno lake nyumbani kwetu lilikuwa halijibiwi. Alikuja na wanaume watatu, wakakukamata ukiwa umelala, maana siku hizo ulikuwa ukilala unalala kama umepigwa rungu.

"Huyu ana jini," alimwambia baba. "Na kama si jini, basi ni talaka. Chagua moja."

Baba, bega limefungwa shuka, homa imempanda, alisema aitwe fundi wa kutoa majini.

Sitaandika jina la fundi yule, na wala si mafundi wote wako hivyo. Nitaandika alichokufanya. Walikufunga kwenye nguzo ya banda kwa kamba ya katani, mikono nyuma. Wakakufunika shuka nyeusi kichwani, wakaweka chetezo chini yake, na ndani ya chetezo wakatia pilipili kavu. Kisha fundi akachukua fimbo za mkwaju mbichi. Alikuwa anauliza jini jina lake. Ulipokohoa, alipiga. Ulipolia, alipiga, akasema jini linadanganya kwa sauti ya mwanamke. Ulipotaja jina lako mwenyewe, "Mimi Hadija, mimi Hadija," ndipo alipopiga zaidi, kwa sababu alisema anataka jina la jini, si lako. Baba mkubwa Chande alikuwa anampokea fundi akichoka.

Tulikuwa tumekatazwa kusogea, lakini matundu ya ukuta wa udongo hayakatazwi. Niliona mgongo wako ukipasuka. Niliona mkojo ukikutoka. Na nitakuambia kweli, Mama, kwa kuwa hapa nasema yote: mara ya kwanza fimbo iliposhuka, kuna kipande changu kilichofurahi. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye vijiti. Furaha ile haikufika fimbo ya pili.

Mchana ulipopinda ukanyamaza. Fundi alisema jini linakaribia kutoka. Mimi niliona miguu yako imekufa ganzi chini yako, umening'inia kwenye kamba tu, na tumbo linapanda na kushuka kwa kasi isiyo ya binadamu. Nilikimbia kumwita baba. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Nilimwambia, "Baba, mama hasemi tena."

Aliinuka kwa kushika ukuta. Akaingia bandani.

"Kaka, mfungue."

"Bado hajataja jina. Rudi ukalale."

"Mfungue mke wangu, Chande."

Sikuwahi kumsikia baba akimwita kaka yake kwa jina tupu. Hata baba mkubwa alishangaa, akaja kumsukuma atoke, akamsukuma palepale kwenye bega lenye kidonda. Baba alipiga yowe. Halafu akainama, akaokota mchi, mchi uleule, na kwa mkono wake mmoja mzima akampiga kaka yake mdomoni. Meno yalidondoka. Baba mkubwa alianguka juu ya chetezo, makaa yakamwagika, fundi akatoka mbio huku shuka yake inawaka pindo. Wale wanaume watatu walimrukia baba. Alikuwa amekonda, anatoka damu upya, hana nguvu za kupigana na mtu yeyote, lakini alizungusha mchi ule kwa namna ambayo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuusogelea. Alikuwa analia na kutukana kwa Kimwera, yeye ambaye nyumbani hakuwahi kutamka tusi.

"Somoe, kata kamba!"

Nilikata. Uliniangukia. Ulikuwa wa moto kama jiwe la jikoni.

Jirani yetu aliyekuwa na pikapu ya kubebea magunia alikubali kutushusha Lindi. Nililala nyuma nimekumbatia kichwa chako kisigonge. Ulikuwa unatapika, unaongea na watu wasiokuwepo, na mahali fulani njiani ulinishika kidole kwa meno na hukuachia mpaka damu ikatoka. Baba aliweka kidole chake kinywani mwako, akatoa changu. "Mwache ang'ate hiki," alisema. "Wewe umeshatoa mkono."

Hospitali walikupokea kwa vurugu. Ulimpiga teke muuguzi, ukang'oa sindano, wakakushika watu wanne. Baba mkubwa alikuwa ameshapiga simu huku na huko, kwa hiyo tulipofika tulikuta ndugu mlangoni anamwambia daktari, "Msihangaike naye, huyo ana jini."

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, wa umri wako. Hakumjibu. Aliweka vidole shingoni mwako, akaviacha pale. Akafunua jicho. Akanyoosha mkono wako akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikacheza kama imepulizwa. Akauliza, "Amekuwa anakula sana na bado anakonda?"

Baba akasema ndiyo.

"Anasikia joto wenzake wakiwa na baridi?"

Ndiyo.

"Amekuwa mkali? Mtu ambaye hakuwa mkali?"

 Baba alinishika mkono wangu wa vijiti, akauinua, akamwonyesha.

Usiku ule na kutwa yake walipigana na mwili wako. Walikufunika vitambaa vya maji baridi, wakakupa dawa ya kupunguza kasi ya moyo, dawa ya kuizuia tezi, maji ya mishipani. Walituambia wazi kwamba unaweza kufa. Ulipoanza kupoa, daktari alitutoa barazani, akatukalisha kwenye benchi, akatueleza. Sikuwahi kusoma jambo lolote darasani likaniingia kama alivyotueleza yeye.

Alimgusa baba mbele ya koo. "Hapa, kila mtu ana tezi. Inatoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri kwenye damu. Ujumbe wa tezi hii unafika kila mahali, kwenye moyo, utumbo, misuli, ubongo, ngozi, na unasema neno moja: endeni kasi kiasi hiki. Chakula kiunguzwe kasi kiasi hiki. Moyo udunde kiasi hiki. Ukizidi, mwili wote unakimbia. Ukipungua, mwili wote unasinzia."

"Na nani anaiambia hiyo tezi?" Niliuliza mimi. Nadhani siku ile ndiyo niliyokuwa mwalimu.

"Iko nyingine chini ya ubongo, ndogo kama mbaazi moja. Hiyo inaonja damu. Ikikuta homoni ya shingoni imepungua, inaihimiza tezi ifanye kazi. Ikikuta imetosha, inanyamaza, na tezi inapumzika. Ndivyo mwili unavyojishika. Karibu homoni zote zinakwenda hivyo, moja inahimiza, nyingine inarudi kusema basi, imetosha. Sasa kwa mama yako kinga ya mwili wake imekosea. Ile inayotakiwa kupigana na vijidudu imeigeukia tezi, imeibonyeza, haiiachii. Mbaazi ya juu imenyamaza zamani, lakini ya shingoni haisikii. Inamwaga tu. Moyo umekimbia miaka bila kukaa. Ubongo nao umekimbia."

 Baba akasema, "Kwa hiyo alikuwa anapigwa kutoka ndani."

"Anapigwa kutoka ndani," daktari alisema. "Na nyinyi mkampiga kutoka nje. Mtu akipigwa na kuogopa, tezi nyingine, zinazokaa juu ya figo, zinamwaga adrenalini ili akimbie au apigane. Yeye moyo wake ulikuwa tayari umefika ukingoni. Mkamfunga asikimbie wala asipigane. Kidogo upasuke."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Baba aliinamisha uso kwenye shuka lililofunga bega lake, na mabega yote mawili, zima na bovu, yakatikisika.

Siku ulipofungua macho ukiwa umetulia, nilikuwa nimekaa kitandani pako. Ulinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa lile ulilouliza: "Somoe, mfupa umeunga?"

Ulikuwa unakumbuka. Sisi wote tulitumaini hukumbuki.

Baadaye ukapelekwa Dar wakaitoa tezi. Ukarudi na alama nyembamba shingoni uliyoifunika kwa mtandio, na vidonge vya kumeza kila asubuhi kabla ya chai, vya kukupa kwa kipimo homoni ambayo tezi ilikuwa inaimwaga bila kipimo. Ukanenepa kidogo. Ukaanza kuhisi baridi kama watu wengine. Kuku akichinjwa, ukawa unageukia ukuta tena. Baba alikuwa anakutazama ukifanya hivyo kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa.

Wewe ulipona, Mama. Mimi nilichelewa. Ukishika mchi kutwanga, hata ukiwa unacheka na Zuhura, mate yangu yalikauka, tumbo likasimama, miguu ikajaa nguvu za kukimbia. Tezi zangu juu ya figo zilikuwa zimejifunza mlio wa mchi, na hazikuwa zimeambiwa kwamba ugonjwa umekwisha. Mwili hauambiwi kwa maneno. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba adrenalini inafika kabla ya fikra, na wananukuu. Hawajui nimelijua hilo jikoni.

Wewe ulijua. Hukuwahi kusema, ila ulianza kupeleka mahindi na mihogo mashineni, hata yale machache ambayo mtu anatwanga tu. Na kila ulipokuwa unakuja nyuma yangu, uliita kabla hujafika. "Somoe, nakuja." Mpaka nikiwa mtu mzima, mwalimu, mke wa mtu. "Somoe, nakuja." Wageni walidhani ni mzaha wa nyumbani.

Mara moja tu tulizungumza. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, kichwa kimejaa niliyosoma, tumekaa uani tunabangua korosho. Nilikuwa nimejiandaa tangu ndani ya basi. Nikasema, "Mama, ile haikuwa wewe. Ilikuwa homoni. Mtu hawezi kulaumiwa kwa homoni."

Ukaendelea kubangua. Kisha ukasema, "Tezi haina mkono, Somoe."

"Lakini tezi ndiyo iliyo…"

"Mkono ni huu." Ukaunyoosha, umepakaa weusi wa maganda. "Huu ndio nilikulisha nao, na ndio nilikuvunja nao. Daktari wangu alinieleza, nami nimeelewa. Namshukuru. Lakini usinifute. Ukisema si mimi, basi mimi nitakuomba radhi kwa jina la nani?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimekuletea zawadi na wewe unairudisha. Nikasema kwa hasira, "Basi nimekusamehe! Si ndiyo unataka?"

"Umemsamehe nani?" Uliuliza bila ukali wowote, kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikachukua korosho nyingine, na wewe hukunisukuma. Tukabangua mpaka jua likatufikia, tukahamisha mikeka.

Ulianguka ukipalilia mbaazi, hukuinuka tena. Ulikuwa umeshaambiwa kwamba moyo uliokimbia vile kwa miaka haukurudi wote. Msibani baba mkubwa Chande, na mapengo yake, alikaa kati ya wanaume akasema kwa sauti, "Lile jini lake limemrudia, ndilo lililomchukua." Nilitoka upande wa wanawake, nikapita katikati ya watu, nikasimama mbele yake. Nilikuwa na hamu ya kumpiga. Nilimwambia, "Baba mkubwa, shikamoo. Mama yangu aliugua tezi. Wewe ulimfunga kamba ukampiga mpaka akajikojolea. Ukitaja jini tena leo, nitawaonyesha watu hawa mgongo wake kabla hajafunikwa."  Baba alinisogeza pembeni taratibu, akanibakiza karibu yake mpaka tulipokwenda kaburini.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike.

Mwaka jana nilianza kukonda. Nilifurahi, wenzangu walinisifu. Nikawa natoka jasho chini ya feni. Chaki ikawa inanivunjikia ubaoni, wanafunzi wa nyuma wakawa wanyamavu kuliko kawaida nikiingia, na sikujiuliza kwa nini. Mimi, mwalimu wa homoni, sikujiuliza.

Una mjukuu, Rehema, ulimshika akiwa na siku chache tu. Siku moja akamwaga maziwa sakafuni. Kilichofuata sikukifanya kwa kufikiri. Nilijikuta nimeshika mwiko, umeshapanda juu ya kichwa changu, na kitu ndani ya kifua kinaniambia shusha, shusha kwa nguvu, shusha mara nyingi. Nilisikia utamu wake, Mama. Hilo hakuna kitabu kilichonieleza, kwamba kuna utamu. Na Rehema aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa.

Mwiko ulibaki juu. Sijui ulikaa huko kwa muda gani. Nilijiona kutoka chini, kutoka alipokuwa mtoto, nikaona macho yangu. Nikautupa mwiko nje kupitia dirishani, nikampita mwanangu, nikaenda kwa mume wangu aliyekuwa anaosha bodaboda.

"Nipeleke nikapime damu."

"Umechoka tu. Pumzika, mitihani ikiisha…"

"Nipeleke sasa hivi au nitamuua mtoto."

Aliacha maji yanamwagika, tukaondoka.

Ni tezi ileile. Inakwenda kwenye ukoo, kumbe. Wamenikamata mapema, kabla moyo haujachakaa, na vidonge vimeanza kunituliza. Nilipopewa majibu nililia mpaka daktari akadhani naogopa kufa. Nilikuwa nalia kwa ajili yako. Wewe ulishindana na kitu kile miaka yote ile bila jina lake, na walipokupa jina walikupa jina la jini, wakalitafuta kwa fimbo.

Na sasa naweza kukujibu. Uliniuliza nimemsamehe nani. Nimemsamehe yule aliyeinua mchi, mwenye jina lake, Hadija, mama yangu, akiwa na homoni zake zote ndani yake. Sikufuti. Najua sasa uzito wa mkono ule ulivyokuwa, kwa sababu nimeushika. Najua mtu anaweza kuwemo ndani ya mwili wake na asiweze kuushusha mkono taratibu. Radhi uliyoniomba kila siku, kwa kuita jina langu kabla hujafika, nimeipokea. Nimechelewa tu kukuambia.

Nimemweleza Rehema yote. Watu wengine wamenilaumu, wanasema mtoto mdogo haambiwi mambo hayo. Nilimwambia bibi yake aliugua hapa, nikamshikisha shingo yangu, na mimi naugua hapa, na nikibadilika akimbie kwa baba yake aseme, mama ameanza. Akaniuliza, "Na mimi nitaugua?" Nikamwambia labda. Akafikiri. "Nikiugua, nitakupiga wewe?" Nikamwambia, "Tutawahi hospitali kwanza."

Tangu siku ile ana kazi yake. Kila asubuhi nikimaliza kumeza kidonge, anapanda kitini, anaweka vidole viwili shingoni mwangu pale mshipa unapodunda, anatazama dari kama daktari, na mimi natulia bila kupumua mpaka amalize. Siku za kwanza alikuwa anakunja uso. Leo, Mama, alikaa navyo pale muda mrefu, akaondoa vidole, akaniambia kwa sauti ya mtu mzima, "Leo hukimbii. Leo unatembea."

Mungu akulaze pema, na akulaze pakavu, mahali ambapo hakuna mtu atakayekuuliza jina lako mara mbili.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Somoe.